Jinsi ya kupata wafanyakazi wanaojiongoza katika kampuni ya usafirishaji: anza na haki

Dereva akishatoka getini na mzigo, meneja hamwoni tena. Kwa saa nane, kumi na mbili, pengine siku tatu, yeye ndiye anayeamua: asimame akague turubai au aendelee, ampigie mteja kumwambia atachelewa au anyamaze, asaini hati ya mapokezi yenye kasoro au adai isahihishwe kwanza. Ghalani ni vivyo hivyo. Msimamizi mmoja hawezi kusimama kwenye kila mlango wa kupakilia, na katoni iliyopondeka katikati ya paleti huonwa na mpakiaji peke yake.

Kwa hiyo kampuni ya usafirishaji, itake isitake, huendeshwa na maamuzi ya watu wasio na msimamizi pembeni yao. Kinachobaki kuuliza ni kama maamuzi hayo yataegemea upande wa mteja na kampuni, au upande wa mtu kujikinga asikatwe mshahara.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, maana mwongozo wote unaufuata: tengeneza haki kwanza, halafu ndipo umwachie mtu uamuzi. Kampuni nyingi hugeuza mpangilio huo. Huita mkufunzi, watu hufundishwa kujiwekea malengo na kujituma, kisha hurudi kwenye utaratibu uleule wa makato bila kusikilizwa. Stadi walizofundishwa watazitumia kweli, lakini kwa kujilinda: kuficha kosa vizuri zaidi, kuandika taarifa isiyowaumiza, kuchelewa kwa namna isiyoonekana.

Maana ya maneno mawili, kabla ya kuanza

Kujiongoza kazini ni uwezo wa mtu kujielekeza na kujihamasisha bila kusukumwa. Mtafiti wa Marekani Charles Manz ndiye aliyeijenga dhana hii katika miaka ya 1980, na waliomfuata huigawa katika njia tatu. Ya kwanza ni ya matendo: kujiwekea lengo, kujifuatilia, kujiwekea vikumbusho, kujipongeza na kujisahihisha. Ya pili ni kutafuta ladha ndani ya kazi yenyewe, yaani kuipanga kazi ili sehemu zinazokupa nguvu zionekane. Ya tatu ni ya fikra: kuchunguza unachojiambia moyoni na kuipitia kazi ngumu akilini kabla ya kuifanya.

Haki kazini ina sura nne, na mtafiti Jason Colquitt alionyesha mwaka 2001 kwamba zinapimika kila moja peke yake. Haki ya mgawanyo ni nani anapata nini. Haki ya utaratibu ni uamuzi ulifikiwaje. Haki ya heshima ni jinsi mtu alivyotendewa alipopewa uamuzi huo. Haki ya taarifa ni kama alielezwa sababu za kweli, kwa wakati.

Utafiti mmoja unafaa kukumbukwa na kila mwenye ghala au malori. Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha habari za viwanda vya kampuni moja iliyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 baada ya kupoteza mikataba. Katika kiwanda kimoja wafanyakazi walielezwa kwa kina na kwa masikitiko ya kweli. Katika kingine walipewa maelezo mafupi tu. Pigo la mshahara lilikuwa lilelile, lakini wizi uliongezeka zaidi kwa mbali pale ambapo watu hawakuelezwa vya kutosha, na mishahara iliporejeshwa wizi ukashuka. Anayehangaika na mafuta yanayonyonywa na katoni zinazopungua njiani aisome habari hiyo mara mbili kabla ya kununua kamera nyingine.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali panapouma

Usianze na dodoso. Anza na kumbukumbu ulizonazo. Toa orodha ya safari zote za miezi mitatu iliyopita na uipange kwa jina la dereva: safari ngapi, kilomita ngapi, ngapi zilikuwa ndefu zenye posho nzuri, usiku mangapi nje ya nyumbani, mwisho wa wiki mingapi, na alipewa gari gani. Ghalani fanya hivyohivyo kwa zamu za usiku, saa za ziada, na nani hupangiwa kontena za kupakua kwa mikono wakati mwenzake yuko kwenye foklifti.

Majedwali hayo huzungumza. Mara nyingi utakuta watu watatu au wanne wana safari nono na wengine wana zile kavu, na hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Mpanga safari huwapigia wale anaowafahamu, wanaopokea simu haraka. Hana nia mbaya. Lakini dereva aliyeachwa haoni nia, anaona hesabu. Mwanasaikolojia J. Stacy Adams aliliandika jambo hili mwaka 1965: mtu hupima anachotoa na anachopata kwa kujilinganisha na mwenzake, na mizani ikimwelemea hupunguza anachotoa.

Baada ya kumbukumbu, nenda kwa watu. Usiwaite ofisini mmoja mmoja; panda lori, kaa nao wakati wa kusubiri kupakiwa. Swali moja linatosha: “Mwezi uliopita, ni uamuzi gani uliofanywa juu yako ambao mpaka leo hujauelewa?” Andika majibu kama yalivyosemwa. Usijitetee hapohapo, hata kama una jibu.

Katika kazi hii malalamiko hurudi kwenye mambo manne: makato ya uharibifu na upungufu, ugawaji wa safari na zamu, muda wa kusubiri usiolipwa, na namna watu wanavyosemeshwa. Yashughulikie kwa mpangilio huo.

Hatua ya pili: safisha utaratibu wa makato

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu makato ndiyo yanayomfundisha mfanyakazi kunyamaza.

Tazama kisa hiki cha kawaida. Katoni 12 zimefika kwa mteja zikiwa zimelowa. Mteja anaandika kwenye hati: “zimeharibika”. Hati inarudi ofisini, karani anaingiza thamani yake kwenye mfumo, na mwisho wa mwezi dereva anakuta pengo kwenye mshahara. Hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa angesema turubai lilikuwa na tundu aliloliripoti wiki mbili kabla, na kwamba katoni hizo zilipakiwa juu kabisa, nyuma, penye tundu. Safari ijayo akiona maji yanaingia, ana sababu gani ya kupiga simu? Akinyamaza kuna uwezekano lawama zimwangukie mwingine. Akipiga, amejitaja mwenyewe. Kampuni imepata fidia ya katoni 12 na imepoteza taarifa zote zitakazofuata kutoka kwa mtu huyu na kwa kila aliyesikia kisa chake.

Mtafiti Gerald Leventhal alitaja mwaka 1980 masharti sita ya utaratibu wa haki, na yote yanaingia kwenye suala la makato bila kulazimishwa: utaratibu uwe mmoja kwa watu wote, usiwe na upendeleo, utegemee taarifa sahihi, uweze kurekebishwa, usikilize wanaohusika, na uwe wa maadili. Kwa vitendo, utaratibu wako uwe hivi.

Mzigo uhesabiwe na watu wawili wakati wa kupakia, mpakiaji na dereva, na wote wasaini. Picha zipigwe kabla ya milango kufungwa, na namba ya lakiri iandikwe kwenye hati. Uharibifu ukiripotiwa, dereva aelezwe siku ileile na apewe nafasi ya kutoa maelezo yake kwa mdomo au kwa maandishi. Anayeamua asiwe msimamizi wake wa moja kwa moja wala aliyesimamia upakiaji. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu, na mtu apewe siku saba za kukata rufaa kwa ngazi ya juu. Na aliyetoa taarifa mwenyewe, mapema, atendewe tofauti waziwazi na aliyeficha.

Kabla ya yote hayo, angalia sheria. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka makato ya mshahara yafanyike tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mkataba wa pamoja wa kazi au uamuzi wa usuluhishi. Huenda sehemu ya makato unayofanya leo haina uhalali hata kidogo.

Hatua ya tatu: gawa safari na zamu kwa kanuni inayoonekana

Andika kanuni ya zamu kwa lugha ambayo dereva mgeni ataielewa siku yake ya kwanza, kisha ubandike orodha mahali pa wazi au uitume kwenye simu za wote kwa wakati mmoja. Usawa wa haki haumaanishi kila mtu apate kilekile. Mzigo wa hatari unahitaji aliyefunzwa, na njia ngumu inahitaji mzoefu. Hayo watu huyakubali bila shida, mradi kila anayerukwa kwenye foleni aone sababu imeandikwa mbele ya jina lake. Kinachochoma ni kurukwa kimya.

Hatua ya nne: hesabu muda wa kusubiri

Lori limefika kwa mteja saa mbili asubuhi kama ilivyopangwa. Linaingia ndani saa sita, linaanza kupakuliwa saa nane, linatoka saa kumi. Kwenye ripoti ya ofisi dereva huyo “alichelewa kurudi”. Asipolipwa kwa saa zile, na ratiba ya kesho ikabaki ilivyo, atazifidia mwenyewe barabarani kwa mwendo na kwa usingizi.

Rekodi nyakati nne kwa kila kituo: kufika, kuingia, kuanza kupakuliwa, kutoka. Tumia kumbukumbu hizo kumlipa dereva na kumdai mteja ada ya kusubiri, au angalau kuzungumza naye akiwa na ushahidi mbele yake. Halafu kagua ratiba zenyewe. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unaweka kikomo cha saa 4 za kuendesha mfululizo kabla ya mapumziko, saa 9 kwa siku, saa 48 kwa wiki, na pumziko la saa 10 mfululizo ndani ya kila saa 24. Nchi nyingi zina viwango vyao, navyo ndivyo vya kufuata. Safari ambayo haiwezi kukamilika ndani ya viwango hivyo ni adhabu iliyopangwa mezani, na hakuna mafunzo ya kujituma yatakayoifanya iwezekane.

Hatua ya tano: wasimamizi wajifunze kueleza

Agizo la kugeuza gari njiani linaweza kutolewa kwa njia mbili. “Geuza, rudi depo.” Au: “Samahani, ndugu yangu, mteja amefunga ghala ghafla, tumempigia mara tatu. Rudi depo, safari yako italipwa kama kawaida, na kesho utaanza wewe.” Ya pili inachukua sekunde chache zaidi. Inampa mtu sababu, inamhakikishia malipo, na inamheshimu. Keti na kila msimamizi mpitie maagizo matano magumu ya wiki iliyopita, mkiyaandika upya kwa namna hiyo. Kwa msimamizi anayetukana watu, usipoteze muda na mazoezi: hiyo ni nidhamu, na wafanyakazi wanangoja waone kama kanuni zinamgusa na yeye.

Hatua ya sita: achia uamuzi, na uandike mipaka yake

Sasa ndipo kujiongoza kunaingia. Mwambie dereva na mpakiaji, kwa maandishi, mambo anayoweza kuamua bila kuomba ruhusa. Kwa dereva yanaweza kuwa kubadili njia kwa sababu ya usalama, kukataa kutoka na mzigo uliofungwa vibaya, kutumia fedha ya dharura hadi kiwango fulani, kupanga na mteja muda mpya ndani ya siku ileile, na kusimama akisikia usingizi bila kuhojiwa kwa nini. Kwa mpakiaji: kusimamisha upakiaji akiona hesabu haikai, na kubadili mpangilio wa paleti ili kinachoshushwa kwanza kiwe karibu na mlango.

Mipaka isiyoandikwa ni mtego. Mtu ataamua, matokeo yakiwa mazuri atasifiwa, yakiwa mabaya ataulizwa nani alimpa ruhusa.

Jiandae na jaribio la kwanza, maana litakuja ndani ya wiki chache. Kuna dereva atakayekataa kutoka kwa sababu mikanda ya kufungia mzigo imechakaa, siku ambayo mteja mkubwa anapiga simu kila nusu saa. Ukimshinikiza siku hiyo, hati uliyobandika ukutani imekufa na wote watajua kabla ya jioni. Ukimwambia mteja ukweli, ukabadilisha mikanda, ukamlipa dereva siku yake, umepata kitu ambacho hakuna semina inayoweza kukupa.

Hatua ya saba: fundisha kujiongoza kwenye kazi yenyewe

Acha ukumbi. Fundisha penye gari na penye paleti, kidogokidogo.

Mwanzo wa zamu, kila mtu achukue dakika tano kupitia kazi ya siku na kujiwekea lengo moja mahususi. Utafiti wa Edwin Locke na Gary Latham umeonyesha kwa miaka mingi kwamba lengo mahususi lenye changamoto huzaa kazi bora kuliko kuambiwa “jitahidi uwezavyo”, mradi mtu amelikubali lengo lenyewe. “Leo nitahakikisha kila hati ya mapokezi ina saa, jina na saini kabla sijaondoka” ni lengo. “Nitakuwa makini” halishikiki.

Ajifuatilie mwenyewe, kwa daftari dogo au kwa simu: matumizi ya mafuta ya kila safari, makosa ya kuchukua bidhaa, muda wa kupakia. Daftari hilo ni lake. Siku msimamizi atakapolichukua na kulitumia kumwadhibu, madaftari yote yataanza kusema uongo.

Kwa kazi ngumu, mzoeze kuipitia akilini. Kabla ya kurudisha trela nyuma kwenye mlango mwembamba, asimame, ashuke, atazame pembe, aione njia ya magurudumu, aamue atasimama wapi kukagua tena. Madereva wazuri hufanya hivi bila kufundishwa. Waombe wawaonyeshe wenzao.

Na zungumzeni juu ya yale watu wanayojiambia. “Vioo lazima vivunjike tu, barabara ni mbovu.” Je, vimevunjika kila safari? Kwa kila dereva? Vilifungwaje safari ambazo vilifika salama? Mazungumzo ya dakika kumi kama haya huzaa njia mpya ya kufunga mzigo kutoka kwa watu wanaoufunga kila siku.

Hatua ya nane: pima, na ujue namba zitasogea kwa mpangilio gani

Kipimo kikuu ni asilimia ya oda zilizofika kwa wakati na zikiwa kamili. Kihesabu vizuri. Tuseme una oda 200 kwa mwezi. 184 zilifika kwa wakati, 190 zilikuwa kamili, lakini zilizotimiza yote mawili ni 176. Matokeo yako ni asilimia 88. Anayeripoti 92 au 95 anachagua upande mmoja tu. Pembeni yake weka uharibifu kwa kila oda elfu moja, usahihi wa kuchukua bidhaa ghalani, ajali kwa kilomita, mafuta kwa kila kilomita 100, na idadi ya wanaoacha kazi.

Kwa upande wa watu, vipo vipimo vilivyojaribiwa. Dodoso la haki la Colquitt lina maswali 20, na la kujiongoza lililorekebishwa na Jeffery Houghton na Christopher Neck mwaka 2002 lina 35. Yatafsiri kwa makini, yajaribu kwanza kwa watu wachache, na yajazwe bila majina. Kundi likiwa dogo kiasi cha mtu kutambulika kwa majibu yake, changanya na kundi jingine.

Usishtuke mwezi wa kwanza na wa pili. Taarifa za uharibifu na za ajali zilizokaribia kutokea zitapanda, kwa sababu watu wameanza kusema. Meneja asiyelijua hili atafuta mpango mzima akidhani umeshindwa. Kinachofuata ni simu za mapema: dereva anaripoti pancha saa tatu, ofisi inamwarifu mteja saa tatu na nusu, mteja anapanga upya watu wake, na oda ambayo ingehesabiwa imechelewa inakuwa imepangiwa muda mpya kwa makubaliano. Uharibifu wenyewe hushuka baadaye, pale taarifa zinapokuwa zimezaa mikanda mipya, turubai jipya na upakiaji bora. Idadi ya wanaoacha kazi husogea mwisho kabisa.

Kama una depo zaidi ya moja, anza na moja na uache nyingine ziendelee kama zilivyo kwa miezi sita, ulinganishe. Usilinganishe msimu wa mizigo mingi na msimu mkavu. Waambie pia watu wa depo zinazosubiri kwamba wanasubiri, kwa nini, na zamu yao ni lini.

Ikitokea majibu ya dodoso yamepanda lakini oda kwa wakati hazisogei, acha kuwatazama watu. Tazama umri wa magari, milango ya kupakilia ikilinganishwa na malori yanayofika kwa saa moja, na foklifti zinazolala gereji. Hamishia fedha ya mafunzo kwenye matengenezo, na uwaite madereva na wapakiaji wapange wao ni gari lipi litengenezwe kwanza.